Kiti cha Omo

Kila asubuhi, jua likiwa bado linajishauri, mama mkwe alishuka ngazi za gati akiwa amevaa koti la mvua la marehemu mumewe, mikono ya koti imekunjwa mara tatu. Alipita katikati ya marobota ya mashuka, akashika ukingo wa boti huku na huku, akaenda kukaa omo, mbele kabisa ya boti, juu ya sanduku la mbao lililowekewa mto wa manjano. Akishatulia aliinua mkono wa kulia bila kugeuka. Hapo mkwe wake, mke wa mwanawe, aliyekuwa nyuma kwenye usukani, alijua ruhusa imetoka, akawasha mashine.

Kazi yao ilikuwa mashuka. Upande huu wa ziwa palikuwa na nyumba ya dobi ya familia, vyumba vitatu vilivyojaa mvuke. Upande wa pili, juu ya kilima, palikuwa na hospitali ya vitanda mia na ishirini. Barabara ya kulizunguka ziwa ilikula nusu siku nzima. Boti ilikula dakika arobaini. Asubuhi walipeleka masafi, mchana walirudi na machafu, na kila shuka lilikuwa na alama ya uzi mwekundu pembeni, kwa mkono wa mama mkwe mwenyewe, lisije likapotelea kwa watu.

Sasa, ile boti ilikuwa na kasoro moja. Ikiongezwa mwendo, pua iliinuka kama mbuzi anayefuata majani ya tawini, mwenye usukani haoni mbele ila mbingu. Ikishapata kasi ilianza kudunda, pu, pu, pu, kana kwamba ziwa limejengwa ngazi. Dawa yake ilikuwa mtu mzito akae omo. Na mama mkwe, Mungu alimjalia, hakuwa mwepesi. Wauguzi waliopata lifti ya asubuhi walimwita Mama Uzito, kwanza nyuma ya mgongo, baadaye mbele ya macho, naye akalipokea jina hilo kama cheo.

"Wenzangu wana vyeti," alikuwa akisema. "Mimi nina kilo."

Aliyempa kazi hiyo alikuwa mwanawe wa pekee, miaka mitatu nyuma. "Mama, boti hii bila wewe omo haina adabu," alimwambia, na mama akaenda akakaa. Kisha mwana mwenyewe akapata kazi kwenye chumba cha mashine cha meli ya mizigo, katika bahari ambazo mkewe alizijua kwa ramani ya simu tu, akamwachia mke usukani. Mke alikuwa amekula miaka tisa kwenye meza ya pasi. Alifundishwa kwa wiki mbili: kusikiliza mashine, kufunga boti gatini, na kuuogopa upepo unaotoka upande wa bwawa lililo mwisho wa ziwa. Kwenye mkono wa gia palikuwa na kitufe kidogo chenye mishale miwili, mmoja wa juu, mmoja wa chini.

"Hicho kilikufa zamani," mumewe alimwambia. "Usikisumbue."

Hakukisumbua. Kwa miezi kumi na minne alichokiona mbele yake kilikuwa mgongo wa mama mkwe. Ukungu ukiwa mzito, ulimeza ziwa, ukameza vilima na hospitali yake, ukabakiza koti lile la mvua tu likielea mbele katika weupe, na marobota ya mashuka meupe chini yake, hata hujui mashuka yanaishia wapi na ukungu unaanzia wapi. Wakati mwingine alijikuta anaamini kwamba hawaendi popote. Kwamba mama mkwe ndiye anayelivuta ziwa taratibu, kama mtu anayevuta shuka refu kutoka kwenye kamba. Na mara nyingi aliona mabega ya yule mama yakitikisika, kichwa kikielekea huku na kule, akajua anaongea. Anaongea na nani, hakujua. Mashine ilikaa katikati yao ikinguruma, na walipofika nyumbani walikuwa na pasi za kuwasha. Walikaa nyumba moja, wakala chungu kimoja, wakaheshimiana sana, lakini maneno yao yote ya siku yangeenea kwenye kiganja.

Kiuno ndicho kilichovunja utaratibu. Asubuhi moja boti ilidunda kwenye wimbi la kawaida kabisa, na mama mkwe, badala ya kuinua mkono kuonyesha kwamba yu salama, aliuweka nyuma ya mgongo. Walipofika ng'ambo hakuweza kusimama. Alijaribu mara mbili, akacheka, akajaribu tena, hakucheka. Wauguzi wawili walimbeba kwa machela aliyoifulia shuka yeye mwenyewe.

Msimamizi wa wodi alikuwa mwanamke mrefu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Alimpapasa mgonjwa uti wa mgongo pingili kwa pingili, kama mtu anayehesabu vishikizo.

"Wiki tatu," alisema. "Nikisikia umekaa pale mbele kabla ya hapo, nitakulaza hapa na sitakuachia."

"Na boti je?"

"Boti haina kiuno, mama."

Siku ya kwanza bila yeye, mama akiwa amelala nyumbani, mkwe alipanga marobota kumi omo, akayafunga kwa kamba, akapiga moyo konde. Mpaka katikati ya ziwa mambo yalikwenda. Halafu kamba ikalegea, marobota yakateleza nyuma, pua ikapanda mbinguni. Alipopunguza mwendo ghafla ikaanguka, na maji yakaingia kama yaliyoalikwa. Mashuka arobaini yalifika yamelowa. Msimamizi wa wodi alitia kidole kwenye robota la juu, akakitazama.

"Mwanangu, siwezi kumlaza mtu ziwani."

Siku ya pili alijaza omo madumu ya maji badala ya mashuka. Pua ilikaa, lakini kila alipokata kona madumu yalihamia upande mmoja na boti nayo ikalala ubavu. Jioni ile alikwenda kumwita Fundi Taratibu.

Fundi Taratibu alipewa jina hilo kwa haki. Alikuja kesho yake na kigoda chake na chupa ya chai, akakaa gatini robo saa nzima akiitazama boti iliyofungwa, hasemi kitu, hagusi kitu. Mkwe alisimama akikunja na kukunjua kitambaa.

"Mashine yako imenyoosha mguu," alisema mwishowe.

"Mguu?"

"Itazame nyuma pale." Alinyoosha kiganja, akakiinamisha. "Mguu wa mashine umetoka nje, mbali na boti, na umegandia hapo. Ukikaa hivyo, msukumo unazamisha nyuma, na nyuma ikizama pua haina pa kwenda ila juu. Mtu anaondoka na mguu ukiwa ndani, karibu na boti. Akishapata mwendo, anautoa nje kidogo kidogo mpaka boti ijinyanyue yenyewe majini. Si ndiyo kazi ya kitufe hiki?"

"Hicho kilikufa."

"Nani alikizika?"

Hakungoja jibu. Alilala chali chini ya usukani, tochi mdomoni, akafungua kifuniko kwa bisibisi. Kisha akatoa tochi mdomoni, akasema, "Njoo uone maiti wako."

Palikuwa na waya mbili, ya bluu na ya kijani, zimechomolewa mahali pake. Hazikukatwa wala hazikuliwa na panya. Kila ncha ilikuwa imezungushiwa utepe vizuri, na juu ya utepe imefungwa uzi mwekundu, mafundo mawili, ncha zimekatwa sawasawa.

"Hiki hakikufa," alisema fundi. "Hiki kimelazwa. Na aliyekilaza alikifunika shuka."

Mkwe aliujua uzi. Fundo pia alilijua. Ndivyo mumewe alivyofunga viatu, ndivyo alivyofunga mifuko ya mkate. Alihisi kama mtu aliyefungua kabati la nyumba yake mwenyewe akakuta chumba kingine ndani.

Fundi alizirudisha waya, akabonyeza mshale wa chini. Nyuma ya boti kitu kilinong'ona, na ule mguu ukaanza kusogea ndani pole pole, kama mtu anayerudisha miguu chini ya kiti apishe wengine.

Waliingia ziwani wakiwa wawili tu, omo kutupu. Aliongeza mwendo akiwa amekaza meno, akingoja mbingu. Mbingu haikuja. Pua iliinama, boti ikasogea mbele nzima nzima, na rasharasha za maji zikaruka kandokando karibu na omo.

"Usukani mzito, ndiyo?" fundi aliuliza.

"Mzito."

"Na maji yanapasukia mbele. Ina maana pua iko chini mno sasa, inalima. Bonyeza juu. Gusa tu, usishindilie. Sikiliza miguuni, masikio yanadanganya."

Aligusa. Akagusa tena. Kwenye nyayo zake, ndani ya viatu vya mpira, kitu kilianza kubadilika, kama chumba ambamo watu wanaacha kuzozana mmoja mmoja. Usukani ulikuwa mwepesi. Mwendo ulipanda ilhali mkono wake haujaongeza chochote. Maji yaliyokuwa yakipasukia omo yakarudi nyuma, yakafunguka chini ya tumbo la boti kama mikunjo ya shuka inayonyooka chini ya pasi. Hawakuwa wakipita juu ya maji sawasawa, wala hawakuwa hewani. Walikuwa mahali fulani katikati, na vilima vya pande zote mbili vilipita kimya kama vinavyoota.

"Ongeza kidogo, uone mpaka wake," alisema fundi.

Akagusa mara moja zaidi. Pua ikaanza kudunda, pu, pu, na mashine ikapiga kelele nyembamba, inazunguka bila kushika maji.

"Umepita. Rudi hatua moja. Hapo. Kila siku hapo panahama, kwa mzigo na kwa upepo. Utapatafuta, na hutapakosa."

Alipomshusha gatini, Fundi Taratibu alikunja kigoda chake. "Nimetengeneza boti ambayo haikuharibika," alisema. "Mambo mengine, hayo ni ya nyumba yako." Akaenda zake.

Mashuka yalifika makavu siku ile, na siku iliyofuata. Jioni mama mkwe, akiwa amelala chali chumbani kwake, aliuliza boti ilikwendaje, na mkwe akajibu vizuri. Alilisema neno hilo kwa sauti ndogo kama mwizi. Siku ya tano mama mkwe hakuuliza. Siku ya saba mkwe aliingia na chai akaikuta ya asubuhi ipo palepale, imeota utando. Pazia lilikuwa limefungwa. Nywele za yule mama hazikuguswa na chanuo tangu juzi.

Pazia lile alilikumbuka. Baba mkwe alipofariki, lilikaa limefungwa miezi minane. Watu walikuja wakasema yote yanayosemwa. Mama aliitikia, akageukia ukutani. Hakushika sindano wala pasi. Halafu asubuhi moja mwanawe aliingia mle chumbani amejipaka grisi mpaka kwenye kope, akasema boti imekuwa haina adabu na bila mtu mzito omo mashuka hayatafika. Mama aliinuka akitukana, akachukua koti la mumewe msumarini, akashuka ngazi za gati. Mkwe alikuwepo. Alishika mlango siku ile. Aliona yote, hakuona kitu.

Mumewe alipopiga simu Jumapili, nyuma yake meli ikinguruma, mkewe hakumsalimu kwanza.

"Nani alichomoa zile waya?"

"Mimi," alisema mumewe. "Alikuwa anaisha, mke wangu. Ukimwambia kula, hali. Ukimwambia toka, hatoki. Nikaona labda akiambiwa anahitajika... Nilitaka kuzirudisha baada ya mwezi. Nikamwona anataniana na wauguzi. Nikasema kesho."

"Na mimi umeniacha mwaka na zaidi naendesha mbuzi."

Alicheka, kisha akaacha. "Ningekwambia, ungeficha wapi? Uso wako dirisha tupu. Usimwambie. Tafadhali."

"Wewe uko baharini," alisema mkewe. "Mimi ndiye ninayempelekea chai. Uongo huo umeutunga wewe, mimi siubebi."

Alimwambia asubuhi iliyofuata. Alifungua pazia kwanza, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaeleza waya, utepe, uzi, yote, bila kuongeza chumvi. Mama mkwe alisikiliza macho yakiwa darini.

"Kwa hiyo nilikuwa gunia la mchanga," alisema.

"Mama, ulikuwa..."

"Usinipambe. Miaka mitatu. Watu wananiita Mama Uzito naitika, nacheka." Akageukia ukutani taratibu kwa sababu ya kiuno. "Funga pazia ukitoka."

Mkwe alitoka. Pazia hakulifunga.

Siku mbili zilikuwa ngumu. Ya tatu, mkwe na wapiga pasi wenzake walipokuwa kazini, sauti ilisikika kutoka chumbani, na haikuwa ya mgonjwa. Mama mkwe alikuwa amempigia mwanawe. Alimpa maneno yake nusu saa nzima, na meza zote nne za pasi zilinyamaza, hata shuka moja likaungua pembeni kwa kusikiliza. Alimwita mwongo, akamwita mjanja kama baba yake, akamuuliza kama huko melini nako huchomoa waya. Kisha sauti ikashuka, wasisikie tena. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na nywele zimesukwa.

"Kesho nakuja," alimwambia mkwe.

"Mama, wiki tatu hazijaisha."

"Msimamizi aliniambia nisikae mbele. Nyuma hakusema kitu."

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Mkwe alifunga kiti chenye mgongo kando ya usukani, akakiwekea mito miwili. Mama mkwe alikaa, akatazama omo kulikokuwa kutupu, akatazama kitufe.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho."

"Kidogo hivyo," alisema.

Waliondoka mguu wa mashine ukiwa ndani. Boti iliinama ikashika mwendo. Mkwe aligusa mshale wa juu mara mbili, akasikiliza kwa nyayo, akaridhika.

"Bado," alisema mama mkwe. Alikuwa amefumba macho.

"Bado nini?"

"Bado inavuta. Kuna mahali pale mbele, chini ya lile sanduku, panapokwaruza. Hupasikii? Nimekaa juu yake miaka mitatu, mgongo wangu unapajua pale kuliko wewe."

Alinyoosha mkono, akaweka kidole juu ya kitufe, akagusa mara moja, kama anavyogusa pasi kujua joto lake. Akasubiri. Akagusa tena, kidogo kabisa. Na mkwe akahisi usukani ukiwa hauna uzito mikononi mwake, mashine ikishuka sauti kutoka ngurumo mpaka mvumo, na boti ikitulia juu ya maji kwa namna ambayo hata Fundi Taratibu hakuifikia. Hapakuwa na mdundo hata mmoja. Ukungu uliwapisha mbele ukajifunga nyuma yao.

"Hapo," alisema mama mkwe.

Walikwenda hivyo kwa muda. Kwa kuwa mashine ilikuwa imepunguza makelele na wao walikuwa bega kwa bega, mkwe alithubutu kuuliza.

"Mama, kule mbele ulikuwa unaongea na nani?"

Mama mkwe hakuona haya. "Na mwenye koti. Namwambia ninachokiona. Yeye alipenda kulala humu botini, alikuwa hajui hata ziwa lina rangi gani asubuhi. Nikawa namwambia: hapa kuna mwamba kama mtu anayenawa uso, hapa bata wameamka, hapa maji yamekuwa kijani. Basi."

"Niambie na mimi. Mimi nilikuwa naona mgongo tu."

Yule mama alimtazama mkwe wake kama mtu anayesoma alama kwenye pembe ya shuka, kisha akaanza. Alimwonyesha mwamba ulipokuwa ndani ya ukungu, ingawa haukuonekana. Alimwonyesha kijito kinapoingia, na mahali ambapo maji huwa na joto bila sababu. Mkono wake ulibaki kwenye kitufe, na kila upepo ulipobadilika alikatiza maneno, akagusa, akaendelea pale alipoachia. Hivyo ndivyo kazi ilivyogawanyika kuanzia siku ile: mkwe akashika usukani na mwendo, mama akashika kitufe, na wauguzi wakalazimika kumtafutia jina jingine.

Lakini siku ile ya kwanza, karibu na ng'ambo, maneno yalipungua, yakawa na nafasi katikati, yakaisha. Mkwe aligeuka akamkuta amelala, kidevu ndani ya koti. Tangu aolewe katika nyumba ile hakuwahi kumwona mama mkwe akisinzia mchana. Alipunguza mwendo kidogo kidogo, akairudisha mashine ndani, akaacha boti ijisogeze yenyewe mpaka gatini, akafunga kamba bila kugonga.

Msimamizi wa wodi alishuka kilimani na watu wa kubeba marobota. Mkwe aliweka kidole mdomoni. Wakayapokea mashuka makavu kimya kimya, moja baada ya jingine, wakapanda nayo, naye mkwe akakaa pale kwenye ukingo wa boti kungoja mama aamke.